Naomba ushauri: wasifu wa kampuni ya usanifu majengo na mandhari

Wakuu, habari za kazi. Kampuni yetu imepewa dakika 20 kujieleza mbele ya mteja. Wasifu tulio nao una kurasa 48, na 10 za mwanzo ni historia na vyeti. Mteja anafika kwenye kazi zenyewe ameshachoka.

Tunafikiria kubakiza miradi 4 tu, inayokaribia wa kwake kwa ukubwa na matumizi. Kila mmoja uwe na ramani ya kiwanja, mkato (mchoro wa jengo kama limekatwa wima) unaoonyesha jengo na ardhi kwa pamoja, na picha 2 zilizopigwa kutoka sehemu ileile: siku ya makabidhiano na miaka 3 baadaye. Bustani ikikabidhiwa huwa ni vijiti na udongo, kwa hiyo bila picha ya pili kazi ya mandhari haionekani. Kwenye ramani tunaweka mstari wa vipimo (mstari mfupi unaoonyesha mita kadhaa ni urefu gani kwenye mchoro), maana skeli ya 1:500, yaani sentimita 1 kwa mita 5, ikishapita kwenye projekta si 1:500 tena.

Tunapokwama ni kwenye gharama. Mradi mmoja ulizidi bajeti: usawa wa sakafu ulipitishwa kabla ya kupima mteremko wa mifereji ya mvua, ikabidi kuinua ua mzima kwa kifusi. Tuuonyeshe pamoja na sababu yake, au tuutoe? Mimi naona ubaki, wenzangu wanaogopa.

Na mtaalamu wa mandhari azungumzie sehemu yake mwenyewe, au kiongozi wa mradi aseme yote?