Jina adimu la mtoto: serikali ina haki ya kulikataa?

MLETA MADA

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kina, maana linamgusa kila mzazi aliyewahi kuhangaika kumtafutia mwanawe jina.

Iceland kuna msichana aliyebatizwa Blær, maana yake upepo mwanana. Mama yake alilipata kwenye riwaya ya Halldór Laxness, mshindi wa Nobeli ya Fasihi ya mwaka 1955. Humo ni jina la mwanamke. Mchungaji alishabatiza ndipo ikagundulika kwamba halimo katika orodha ya majina ya kike yaliyoidhinishwa. Kamati ya Majina ya nchi hiyo, iliyoundwa mwaka 1991, ikalikataa: eti kisarufi neno hilo ni la kiume. Kuanzia hapo nyaraka rasmi zikawa zinamwandika "Stúlka", yaani "msichana", basi. Akakua hivyo hadi miaka 15, hadi Januari 2013 Mahakama ya Wilaya ya Reykjavík ilipoamua kwamba Blær ni jina lake halali. Na wakati wote huo nchini humohumo alikuwepo mwanamke aliyesajiliwa kwa jina hilo tangu miaka ya 1970!

Msimamo wangu ni huu: jina kuwa adimu si kosa. Serikali ijiulize jambo moja tu, kama jina litamdhuru mtoto, na mzigo wa kuthibitisha madhara uwe wa ofisi, si wa mzazi. Ufaransa ilifika huko mwaka 1993, baada ya kufuata tangu 1803 sheria iliyowabana wazazi wachague majina ya kwenye kalenda (kama ya watakatifu) au ya watu wa historia ya kale. Siku hizi msajili anaandika jina alilopewa. Akiona lina walakini anamjulisha mwendesha mashtaka, na jaji ndiye anayekata shauri. Waliotaka kumwita binti yao Nutella, jina la chokoleti ya kupaka mkate, walizuiwa kwa njia hiyo, na sioni ubaya.

Karibuni.

MCHANGIAJI

Mkuu, nakupinga. Unaizungumzia sarufi kama kisingizio cha ofisi, lakini Iceland sarufi ndiyo inayobeba jina. Wengi hawana jina la ukoo. Baba akiitwa Jón, mwanawe wa kiume ni Jónsson, wa kike Jónsdóttir, na hiyo "s" ya katikati ni alama ya umiliki. Anna naye hugeuka Önnu kulingana na nafasi yake katika sentensi. Harriet lilikataliwa kwa sababu haliwezi kugeuzwa hivyo. Lugha yenyewe wasemaji wake hawafiki laki nne. Majina yakiingia holela, itaanza kumeguka kwenye maneno yanayotamkwa kila siku.

Halafu usiwaamini wazazi kupita kiasi. Mwaka 2008 New Zealand, mahakama ilibidi imweke binti wa miaka tisa chini ya ulezi wake ili aweze kubadilishiwa jina. Aliitwa Talula Does The Hula From Hawaii (yaani Talula anacheza hula, ngoma ya Hawaii), sentensi nzima, na alikuwa akiwaficha rafiki zake jina hilo. Msajili angekataa mapema, mtoto asingeteseka miaka yote hiyo.

MLETA MADA

Kwa Talula tuko pamoja, mkuu. Yale ni madhara kabisa, sawa na yule mtoto wa Japani ambaye mwaka 1993 baba yake alitaka aitwe Akuma, yaani shetani. Jina la namna hiyo lizuiwe siku hiyohiyo linapopelekwa.

Ila Blær ni Kiaisilandi halisi, na linageuzwa kama maneno mengine ya lugha hiyo. Kikwazo kilikuwa jinsia tu, na mwaka 2019 bunge lao likaliondoa kabisa sharti la jinsia kwenye majina. Hata hofu yako juu ya Harriet ina njia: Iceland mtoto anaweza kuitwa kwa jina la baba au la mama, kwa hiyo jina moja lisilogeuzika halimfungii mjukuu mlango.

Nakurudishia swali, na wengine mchangie: ofisi ikikataa jina na mzazi akaenda mahakamani, kesi ikachukua miaka, vyeti vya mtoto viandikwe nini? Mimi nasema liandikwe jina la mzazi mpaka jaji aseme vingine. Wewe unasemaje?