Kutunga kitabu cha watoto kifamilia wakati nusu ya nyumba ina disleksia: tunaanzia wapi?

Kalamu_Nne

Wakuu, naomba msaada wa kazi yenyewe. Maneno ya kutia moyo tunayo ya kutosha. Tuko wanne: mzazi mmoja na mtoto wa miaka 9 wana disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika), mtoto wa miaka 6 ndiyo kwanza anaunganisha silabi, na mzazi wa pili anasoma bila shida. Tunatunga kitabu cha picha kuhusu kobe aliyeamka akakuta kivuli chake hakipo. Kwa mdomo hadithi inakwenda vizuri. Ikifika kwenye karatasi inakufa: sentensi zinakauka, tahajia inavurugika, na kuipitia mara moja tu kunamaliza jioni nzima.

Tugawane kazi vipi? Kurasa ngapi, maneno mangapi? Nani asahihishe? Na zile fonti maalumu za disleksia zinasaidia kweli? Tunataka mtunzi wetu wa miaka 9 aweze kukisoma kitabu chake mwenyewe.

Gundi_na_Uzi

Mmeshika kalamu mapema mno. Anzeni na kitabu kitupu.

Chukueni karatasi 4 za A4, zipangeni pamoja, zikunjeni katikati. Hapo mna kurasa 16. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 ni majina ya watunzi na mwaka. Hadithi inaanza ukurasa wa 3, peke yake upande wa kulia. Zinafuata jozi sita za kurasa zinazotazamana, 4–5 hadi 14–15, na wa 16 unafunga. Yaani matukio 8, basi. Vitabu vingi vya picha vya madukani huwa na kurasa 32, lakini kwa kitabu cha kwanza 16 zinatosha. Muhimu idadi igawanyike kwa 4, la sivyo mtabaki na kurasa tupu mwishoni.

Choreni kila tukio kwa penseli, hata watu wa vijiti, bila neno lolote. Kisha mmoja afungue na kusimulia kwa kutazama picha tu. Akikwama au akiruka ukurasa, tukio hilo ni bovu, na mmelijua bila mtu kusoma herufi moja. Angalieni pia kugeuza kurasa: swali likae kulia ("Kivuli kiko wapi?") na jibu lijifiche nyuma yake. Vyote viwili vikiwa kwenye jozi moja, jicho la mtoto hulidaka jibu kabla ya swali, na mshangao umekwisha.

Hapo ndipo mrekodi. Kila tukio faili lake, lisizidi dakika moja. Rekodi moja ya dakika 20 ni mateso, maana kutafuta sentensi ndani yake ni kama kutafuta sindano kwenye majani. Namba za faili zinaweza kuwachanganya (12 na 21 hugeuzana), kwa hiyo ziiteni kwa kitu kilichochorwa: jiwe, mto, mwezi.

Mhariri_Msikilizaji

Nakubaliana na hapo juu. Naongeza hatua ya kutoka sauti kwenda maandishi, maana hapo ndipo hadithi nyingi huumia.

Mnasema sentensi zinakauka. Sababu ni hii: mtoto anayejua atasahihishwa tahajia huchagua maneno anayoweza kuyaandika, si anayoyataka. Kwa mdomo kobe "akachungulia chini ya jiwe". Kwenye karatasi kobe "akaona jiwe". Linganisheni rekodi na rasimu, mtakuta vitenzi ndivyo vilivyopotea. Kwa hiyo rasimu ya kwanza isiguswe na kalamu nyekundu kabisa. Msimulizi asimulie, mwingine aandike kama alivyosikia, neno kwa neno, bila kulifanya "zuri". Aandikaye asiwe ndiye mwamuzi wa hadithi, maana anayesoma kwa urahisi hugeuka bosi bila kujua.

Mkitumia programu ya kuandika kwa sauti, chagueni Kiswahili kwenye kibodi na pia kwenye kikagua tahajia. Kikagua kikibaki kwenye Kiingereza hutia mstari mwekundu karibu kila neno, jicho linazoea wekundu, na kosa la kweli linapita humo humo. Mbaya zaidi, maneno kama "wake", "pale" na "mate" hayapigiwi mstari hata yakiwa mahali pasipo pake. Semeni sentensi moja, tulieni, ndiyo mseme nyingine. Mkiongea mfululizo mtapata fungu moja lisilo na nukta, na kuweka nukta ni kazi inayomchosha sana mwenye disleksia. Sikilizeni rekodi mkiwa mnatazama maandishi siku hiyohiyo, kabla hamjasahau kilichosemwa.

Usahihishaji una awamu mbili, msizichanganye. Ya kwanza ni ya sikio: kompyuta au simu isome kwa sauti, na mwenye disleksia asikilize bila kutazama karatasi. Akisikia kitu kimekwaruza, agonge meza, mwingine atie alama. Kwenye kazi hii mara nyingi yeye ndiye mzuri kuliko wote, kwa sababu hatumii jicho kuziba mapengo. Ya pili ni ya tahajia, na apewe mtu wa nje ambaye hajaisikia hadithi, mara moja tu, mwisho kabisa. Anayeijua hadithi husoma kilichomo kichwani mwake.

Kati ya awamu hizo, tengenezeni orodha ya makosa yenu. Kila familia ina yake: l na r, h inayodondoka ("apa" badala ya "hapa"), dh na z, "kwasababu" iliyounganishwa. Ingizeni kosa moja kwenye sehemu ya "tafuta" ya programu, malizeni lote, ndipo mwende kwa lingine. Kutafuta aina moja kwa wakati mmoja ni kazi ya dakika chache. Kuwinda zote pamoja ndiko kunakomaliza jioni. Tahadhari kwenye ng': alama yake huandikwa kwa maumbo mawili, iliyonyooka na iliyopinda, na mkitafuta moja ya pili inaweza kupitwa. Chagueni umbo moja kitabu kizima.

Silabi_Wazi

Niongeze upande wa msomaji wa miaka 9.

Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye disleksia mara nyingi hufika kwenye neno sahihi, ila polepole. Kinachomlemea ni urefu wa kitenzi na konsonanti zinazobebana: mbw, ndw, ng', nyw. Akifika mwisho wa "alichokizoea" (a-li-cho-ki-zo-e-a, silabi 7) mwanzo wake umeshapotea.

Wekeni kanuni: silabi 4 au pungufu kwa maneno mengi, na neno refu moja tu kwa ukurasa. Hilo moja liwe tamu. Hapo ndipo "akachungulia" yenu inapata ruhusa yake. Kwa kitabu cha matukio 8, maneno 20 hadi 25 kwa tukio yanatosha. Jumla haizidi 200.

Mfano:

Rasimu: "Aliposhindwa kukiona kivuli chake alichokizoea, alianza kukitafuta kila mahali."

Baada ya kukata: "Kobe akatazama chini. Kivuli hakipo! Akatazama nyuma. Hakipo!"

Tumeondoa -po- na -cho-, tukaacha -ka- ibebe mwendo, na "hakipo" inarudi. Kurudi huko ni makusudi: mara ya kwanza anasoma, mara ya pili analitambua. Tanakali za sauti nazo zinasaidia sana: kutumbukia chubwi, kulala fofofo, kujifunika gubigubi. Ni sauti ambazo sikio lilishazijua kabla ya jicho.

Majina ya wahusika: msiwaite Bada na Daba. Yatofautiane herufi ya kwanza na urefu pia.

Jambo moja nalipinga kwa nguvu: kukata neno mwishoni mwa mstari kwa kistari. Likishindwa kuenea, lishuke zima.

Mpiga_Chapa

Swali la fonti. Zile zilizobuniwa mahususi kwa disleksia hazijaonyesha faida ya wazi kwenye tafiti. Mtoto akiipenda, tumieni, haidhuru. Chenye ushahidi bora ni nafasi: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwa watoto wenye disleksia wa Italia na Ufaransa ulionyesha kuwa kuachanisha herufi zaidi ya kawaida kuliongeza kasi na kupunguza makosa.

Kwa kitabu cha ukubwa wa A5:

- Herufi pointi 16 hadi 18, nafasi ya mistari 1.5, zianzie kushoto. Msizinyooshe pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu, na mashimo kati yake huwa makubwa mno.
- Mkazo kwa herufi nzito. Herufi za mlazo hapana, sentensi nzima kwa herufi kubwa hapana.
- Maandishi yakae sentimita 1.5 kutoka kwenye mkunjo na yasipande juu ya picha.
- Karatasi isiyong'aa, ya rangi ya maziwa kama ipo, uzito wa gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba. Ya gramu 80 inaonyesha picha ya upande wa pili.

Kabla ya kuchagua fonti, andikeni neno "Ilikuwa" na mlitazame. Kwenye Arial, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana. Verdana huipa I kubwa vifuniko juu na chini. Sentensi ngapi za hadithi huanza na "Ili-"? Ndiyo maana mimi huchagua Verdana, ingawa ni nene na inakula nafasi: kwa pointi 18 mstari wa A5 unabeba takriban herufi 30 tu. Kwa hiyo kateni mstari pale pumzi inapoishia. "Kivuli chake" visitengane.

Kalamu_Nne

Asanteni sana, kazi imeanza kuonekana. Mawili yamebaki: wa miaka 6 afanye nini? Na stepla yetu haifiki kwenye mkunjo.

Silabi_Wazi

Wa miaka 6 apewe kiitikio na aandike mwenyewe zile "Hakipo!" kwa mkono, mzipige picha na kuziweka kitabuni kama mchoro. Pia awe mjaribu wa kwanza: akifungua ukurasa na kuusimulia sivyo, picha na maneno havipatani.

Gundi_na_Uzi

Achana na stepla, shoneni. Toboeni matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 5 juu na chini yake. Uzi wa sentimita 55 hivi. Ingieni kwa tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudini ndani kwa la juu, rukeni la kati mpaka la chini na kutoka nje, kisha rudini ndani kwa la kati. Ncha mbili zikae pande mbili za ule uzi mrefu wa ndani, ndipo mfunge fundo. Mkizifunga upande mmoja, mshono utalegea baada ya wiki. Kurasa za katikati zitajitokeza kidogo kuliko za nje. Zikateni kwa rula ya chuma na wembe baada ya kushona, si kabla.