Mrejesho: programu iliyokuwa inaganda kabla ya kuunganisha

Wakuu nimerudi, niliuliza kwa nini programu yangu inaganda kama sekunde 5 kila ikitaka kuunganisha na seva na logi haisemi kitu cha maana. Aliyesema nitumie strace -f -tt (inaonyesha kila ombi ambalo programu inapeleka kwa mfumo wa kompyuta, na saa yake) ubarikiwe aisee, nikaona laivu imetuma swali la DNS (la kutafuta anwani ya IP ya jina la seva) poti 53, halafu poll (ombi la kusubiri jibu) inasubiri milisekunde 5000 inarudisha 0, yaani muda umeisha bila jibu, ndo inahamia seva ya DNS ya pili. Tcpdump (inayonasa data inayopita kwenye mtandao) nayo hivohivo, maswali yanatoka majibu hakuna. Kumbe seva ya DNS ya kwanza kwenye /etc/resolv.conf (faili lenye orodha ya seva za DNS) imekufa, na glibc (maktaba ya Linux inayouliza DNS kwa niaba ya programu) kwa kawaida inasubiri sekunde 5. Nimeifuta, sasa fasta. Ila logi inayoandika "inaunganisha..." basi, hiyo ya nini jamani?