Ushauri wenu wakuu: ninunue jezi ya Markkanen au nisubiri tetesi za tredi (timu kubadilishana wachezaji) zipoe?

Kaka wa Senta ameandika:

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, jambo linaweza kuonekana dogo ila kwangu ni kubwa.

Nina mdogo wangu ana miaka 14, ameshanipita urefu, anacheza senta (yule mrefu wa chini ya kikapu), na mimi ndo niliyemuingiza kwenye Utah Jazz, timu ya NBA. Tulianza kuifuatilia msimu wa 2022/23, yaani tuliingia nyumba ikiwa imeshabomolewa, nyota wawili wameondoka, Rudy Gobert kaenda Minnesota mwezi wa 7, Donovan Mitchell kaenda Cleveland mwezi wa 9, kila mtu anasema hii timu imekwisha, halafu huyu Mfini Lauri Markkanen ambaye alikuja kama chenji kwenye dili la Mitchell akaanza kupiga pointi 25.6 kwa mechi, akaenda All-Star (mechi ya nyota wa ligi), akachukua na tuzo ya mchezaji aliyepanda kiwango kuliko wote. Dogo akampenda palepale. Tangu hapo anategesha alamu saa 11 alfajiri, simu anaiweka chini ya mto ili mama asiamke, anaangalia mechi na earphone sikio moja.

Sasa mwezi wa 1 mwaka huu wa 2025 ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi ukaandika kwamba Markkanen tayari kauzwa, bado kutangazwa tu. Mimi bila kufikiri nikamwambia dogo. Wakuu yule mtoto alizima alamu. Alikaa karibu mwezi mzima haangalii mechi, nikimuuliza anasema amechoka na shule. Mwezi wa 2 dedilaini (siku ya mwisho ya tredi) ikapita, Markkanen yuleyule, jezi ileile, hajaenda popote. Nilijisikia vibaya sana maana maneno yalitoka kwangu.

Dogo amefaulu vizuri na nilishamuahidi jezi namba 23. EuroBasket ya juzi (mashindano ya timu za taifa za Ulaya) ndo imemrudisha kabisa, alivyomuona jamaa anawapiga Uingereza pointi 43 akawa anaruka chumba kizima. Lakini tetesi zimeanza tena, kila siku timu mpya inatajwa, na msimu unaanza mwezi ujao. Ninunue au nisubiri? Na nyie mnaoelewa haya mambo, mnajuaje tetesi ipi ya kweli na ipi ya uongo? Sitaki kumvunja moyo mara ya pili.

---

Mzee wa Ribaundi:

Nunua mkuu. Mkataba wake unakwenda mpaka 2029. Hata akiondoka, kijana atakuwa na jezi ya mtu aliyempenda, mimi nina jezi za watu walioshastaafu na nazivaa mpaka leo.

---

Aproni ya Pili:

Kaka wa Senta pole sana, ila ngoja nikuambie kitu kitakachokuuma kidogo halafu kitakusaidia. Ile tetesi ya mwezi wa 1 haikuwa na uwezekano wa kuwa kweli hata kwa bahati mbaya, na ungeweza kujua hilo siku ileile.

Markkanen aliongeza mkataba tarehe 7 mwezi wa 8 mwaka 2024, dola milioni 238 kwa miaka 5. Angeweza kusaini tarehe 6, wakasubiri siku moja makusudi. Kwa nini? Kwa sababu mkataba wa aina ile ukishasaini hutrediwi mpaka ipite miezi 6. Hesabu sasa, kutoka tarehe 7 mwezi wa 8 miezi 6 inaishia tarehe 7 mwezi wa 2, na dedilaini ya tredi ilikuwa tarehe 6 mwezi wa 2. Siku moja tu. Yaani msimu mzima wa 2024/25 alikuwa amefungiwa Utah kwa sheria, hata kama rais wa timu angeamka anataka kumuuza asingeweza. Kila aliyeandika kwamba anaondoka kabla ya dedilaini alikuwa hajasoma mkataba.

Kwahiyo swali lako la pili jibu lake ndo hilo, tetesi ikija usianze kuuliza nani kasema, anza na mkataba. Anaruhusiwa kutrediwa sasa hivi? Analipwa kiasi gani? Timu inayotajwa inaweza kurudisha mishahara inayofanana?

Mfano msimu huu wa 2025/26 Markkanen analipwa kama dola milioni 46.4. Juu ya kikomo cha mishahara ligi imeweka mistari miwili ya jumla ya mishahara ya timu, inaitwa aproni. Timu iliyo chini ya aproni ya kwanza, kama haina nafasi kwenye kikomo cha mishahara, itabidi itoe wachezaji wenye mishahara ya kama milioni 37 hivi ndo impokee. Timu iliyovuka aproni ya kwanza hairuhusiwi kupokea mshahara mkubwa kuliko inaotoa. Na iliyovuka aproni ya pili, ambayo msimu huu ni karibu milioni 208, hairuhusiwi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili impate mmoja, lazima imtoe mtu mmoja anayelipwa kama yeye au zaidi. Wewe chukua timu zote zinazotajwa zipitishe kwenye hilo chujio uone zinabaki ngapi. Nyingi zinakufa hapohapo.

Msimu huu anatredika, hilo nikuambie ukweli. Kifungo chake kimeisha.

---

Hesabu Kali:

Mkuu Aproni umeeleza vizuri ila mimi namwambia mwenye uzi asubiri. Naipenda Jazz na naamini kabisa wanatakiwa kumuuza.

Angalieni hali. Msimu uliopita tulishinda 17 tukafungwa 65, rekodi mbovu kuliko timu zote, kwenye loteri (bahati nasibu ya kupanga nani aanze kuchagua vijana wapya) tukashuka mpaka namba 5, yaani chini kabisa ambapo timu ya mwisho inaweza kushuka, na Dallas waliokuwa na asilimia 1.8 wakachukua namba 1. Tumempata Ace Bailey, sawa, kijana ana kipaji, lakini bado tunahitaji mwingine. Halafu kuna deni. Mwaka 2021 tulivyompeleka Derrick Favors Oklahoma City tulimsindikiza na piki (zamu ya kuchagua kijana mpya) ya raundi ya kwanza, na deni lile linafikia mwisho 2026. Piki yetu ikiangukia kati ya namba 1 na 8 tunabaki nayo na deni linafutika moja kwa moja, ikiangukia 9 kwenda mbele inakwenda kwa Oklahoma City. Ukimaliza ndani ya timu 4 mbovu zaidi huwezi kushuka chini ya namba 8. Sasa na Markkanen mzima wa afya, wa EuroBasket ile, utamalizaje ndani ya timu 4 za mwisho? Msimu uliopita wamemuweka benchi mpaka ligi ikawapiga faini ya dola 100,000. Hawawezi kuendelea hivyo.

Ana miaka 28. Vijana wetu wakikomaa yeye atakuwa 31, 32. Ndo maana nasema mwezi wa 2 ukipita ndo ununue.

---

Mzee wa Ribaundi:

Hesabu Kali umeongea kama mtu wa ofisini. Mtoto wa miaka 14 hajali piki ya 2026. Na kuna kitu unasahau, timu isiyo na shida ya pesa haiuzi kwa bei ya hasara. Jazz hawana haraka. Watu walienda kuuliza kiangazi cha 2024, Golden State walitajwa kila siku, na mwisho wake akasaini Utah. Sisi hatuna njaa ya piki, mwezi wa 1 tumetoa piki 3 za raundi ya kwanza kuwapa Phoenix tukachukua yao moja ya 2031 isiyo na ulinzi wowote, yaani hata ikiangukia namba 1 ni yetu. Timu inayopanga mpaka 2031 itamuachia Markkanen kwa vipande vipande kweli?

---

Dada Bloku:

Samahanini kaka zangu, mmemsahau dogo.

Kaka wa Senta, mimi nimelelewa na kaka aliyenifundisha basketi hivyohivyo, na kilichoniuma siku zile hakikuwa mchezaji kuondoka, kiliniuma kusikia jambo limeshaisha wakati mimi bado nashangilia. Kwahiyo mkalishe chini. Mwambie mwezi wa 1 ulimpa habari ambayo hukuihakiki, muombe radhi, halafu mfungulie mkataba muusome pamoja, miaka na mishahara. Miaka 14 anaelewa. Ataona mwenyewe kwamba jamaa anaweza kubaki na anaweza kuondoka, na akiendelea kuitaka jezi baada ya hapo basi ameitaka kwa macho yake.

Halafu swali dogo tu. Umesema anacheza senta, na Markkanen kwa kawaida hachezi nafasi hiyo. Umemuuliza kama ni Markkanen kweli anayemtaka, au ni ahadi ya zamani?

---

Kaka wa Senta:

Dada Bloku umenigusa sana. Jana usiku nimefanya kama ulivyosema.

Nimemuomba radhi. Akasema "nilishasahau kaka" lakini nimeona sura ilivyobadilika, hakusahau. Tukafungua mishahara kwenye simu, nikamwelezea habari ya tarehe 6 na 7 kama alivyoeleza mkuu Aproni, akachukua kalamu akahesabu mwenyewe mwezi kwa mwezi nyuma ya daftari la hisabati, alipofika tarehe 7 akanyamaza kwanza halafu akasema "kwahiyo muda wote ule alikuwa hawezi kuondoka?" Nikamwambia ndio. Akasema basi alikosa zile mechi bure tu.

Halafu akashuka kwenye ile orodha mpaka kwa Walker Kessler akashangaa, mbona huyu analipwa chini ya milioni 5 wakati ndo anazuia mipira yote? Kumbe anamuiga Kessler muda mrefu tu, jinsi ya kukaa chini ya kikapu mikono juu bila kuruka mapema, mimi sikuwahi kugundua. Sasa anauliza, Kessler ndo anaondoka? Sikutaka kumjibu hovyo tena. Aproni nisaidie.

---

Aproni ya Pili:

Huyo dogo ana jicho. Msimu uliopita Kessler alikuwa na ribaundi 12.2 na bloku 2.4 kwa mechi.

Hali yake iko hivi. Alikuja kutoka Minnesota kwenye dili la Gobert akiwa rukii (mchezaji mpya kabisa NBA), na msimu huu unaokuja ndo wa mwisho kwenye mkataba wake wa kwanza, ndo maana mshahara mdogo. Wana mpaka siku moja kabla ya msimu kuanza mwezi wa 10 kukubaliana nyongeza ya mkataba. Wasipokubaliana utasikia kelele nyingi kwamba Jazz hawamtaki, na hapo mwambie dogo atulie. Bila nyongeza, kiangazi cha 2026 anakuwa mchezaji huru mwenye masharti, maana yake timu nyingine ikimpa ofa Jazz wana haki ya kulipa kiasi hichohicho wabaki naye. Na wakisubiri wanafaidika, maana mpaka asaini upya atahesabiwa kama milioni 14.6 tu kwenye kikomo, wanaweza kufanya usajili mwingine kwanza halafu yeye wakamlipa mwisho.

Hatari ipo, mchezaji anaweza kukasirika akisubirishwa na anaweza kutrediwa kabla ya dedilaini. Ila kutosaini mwezi wa 10 peke yake sio habari ya kuondoka.

---

Hesabu Kali:

Hapo naungana na Aproni asilimia 100. Markkanen muuzeni, Kessler msimguse.

---

Kaka wa Senta:

Asanteni sana wakuu wote, na Dada Bloku kipekee.

Nimemsomea dogo majibu yote, hata ya Hesabu Kali. Amefikiria siku mbili. Amechagua namba 24, ya Kessler, nimeshaagiza. Ya Markkanen amesema tutaangalia baada ya dedilaini.

Alamu ameirudisha saa 11. Safari hii na mimi nimetegesha yangu.