Mjadala: Bwawa la Nyando likijengwa, nani atahakikisha linabaki na nafasi?

Mkulima wa Ahero

Wenzangu wa Kisumu, Muhoroni, Nyakach na kwingineko, naleta swali hili mapema, kabla masika hayajatukuta tena na magodoro kichwani.

Tumeahidiwa bwawa la Koru-Soin, mpakani mwa Kisumu na Kericho, tangu wengine wetu tukiwa shule ya msingi. Litauzuia mto Nyando usituzamishe huku nyanda za Kano. Hapohapo tunaambiwa litatoa maji ya bomba, litamwagilia mashamba na kuzalisha umeme. Mimi nalitaka bwawa, tena sana. Mto huu umenihamisha nyumbani mara tatu, na mara ya mwisho tulilala darasani wiki mbili na mama yangu mgonjwa, sakafu ikiwa na unyevu usiku kucha.

Ila kuna jambo sijalisikia likisemwa kwenye baraza hata moja. Bwawa hukinga mafuriko kwa ile sehemu yake iliyo tupu. Likiwa limeshajaa mvua kubwa inapofika, karibu yote yanayoingia upande wa juu yatatoka upande wa chini, na sisi wa bondeni tutakuwa palepale.

Kule California, Marekani, kuna mto wa jangwani uitwao Mojave. Sehemu kubwa ya mwaka mkondo wake ni mchanga tu. Mwaka 1971 wahandisi wa jeshi walikamilisha tuta kubwa la udongo milimani unakoanzia, kuikinga miji iliyo chini. Nyuma ya tuta hilo hakuna ziwa. Mwaka nenda mwaka rudi ni bonde kavu, na mtu wa kwetu akilipita atasema hela zimeliwa. Kumbe nafasi ile kavu ndiyo iliyolipiwa. Mvua ikipiga milimani, maji hukusanyika pale, kisha hutoka polepole kwa kiasi ambacho mto unaweza kubeba.

Basi nauliza: tuko tayari kuwa na bwawa ambalo sehemu yake ya juu haiguswi kuanzia Machi hadi Mei, hata kama mifereji ya mjini imekauka?

Mama wa Manyatta

Kaka, pole kwa yaliyokupata, na mama apate nafuu. Lakini nitakupinga. Naishi mwendo mfupi kutoka ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado nanunua maji kwa mtungi wa lita ishirini. Siku mfereji ukikauka, watoto wanaenda shule bila kuoga na mimi nafungua kibanda cha chakula saa nne badala ya saa kumi na mbili. Halafu nisikie juu kule Koru kuna bwawa letu na mtu amekataa lijazwe kwa sababu ya mvua ambayo pengine haitakuja?

Mfano wako wa jangwani hautufai. Wale walijenga tuta kwa kazi moja tu. Sisi hatuna fedha za kujenga mabwawa matatu, kwa hiyo hili moja lifanye kazi zote. Matuta ya mto yainuliwe huko Kano, mto uchimbwe utolewe matope, na bwawa lijazwe watu wanywe.

Fundi wa matuta, Nakuru

Nimejenga na kukarabati mabwawa ya udongo ya mashambani kwa muda mrefu. Niruhusuni niseme kwa urefu kidogo, maana naona mnabishania maji na mmelisahau tuta lenyewe.

Tuta la udongo ni kitu kizuri. Ni nafuu, huvumilia ardhi inayocheza kidogo, na vifaa vyake viko palepale. Udongo mfinyanzi huwekwa katikati kuzuia maji, na mawe na changarawe pembeni kulitia uzito. Lakini lina adui wawili. Wa kwanza ni maji kupita juu yake. Zege linaweza kustahimili hilo kwa saa kadhaa. Udongo hauwezi: maji yanaanza na kijifereji cha upana wa kiganja, na muda si mrefu pengo limekuwa la kupitisha lori. Ndiyo maana pembeni ya tuta lazima kuwe na njia imara ya kutorosha maji ya ziada, iliyopimwa kwa mvua mbaya kuliko zote, si kwa mvua ya kawaida. Adui wa pili hupita ndani: mzizi uliooza, shimo la mnyama, ufa. Ukiona maji yanavuja chini ya tuta na ni maangavu, yapime na uyaangalie kila siku. Yakigeuka rangi ya chai, tuta linaliwa kutoka ndani. Hapo hakuna cha kusubiri mkutano, watu waondolewe bondeni.

Sisi wa Nakuru tumelipia somo hili. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, ukuta wa udongo wa bwawa la shamba ulipasuka Solai na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao wakiwa nyumbani kwao. Aprili 2024, Mai Mahiu, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu kalavati lake, yaani njia ya maji chini ya tuta, lilikuwa limeziba. Lile halikujengwa liwe bwawa. Lilikuwa tuta la udongo lisilo na pa kutolea maji, likafanya kilekile kilichofanyika Solai.

Sasa, Mkulima, hapa ndipo sikubaliani nawe moja kwa moja. Bwawa tupu nalo lina hatari yake, nayo ni kusahauliwa. Bwawa lenye maji lina wenyewe: mvuvi, mchunga ng'ombe, mtu wa pampu. Kukiwa na uvujaji, mtu atauona. Bwawa kavu halina anayelipitia. Miti inaota kwenye tuta, udongo unapasuka kwa jua, na watu waliolindwa huanza kujenga karibu na mto kwa sababu hawajaona mafuriko miaka ishirini.

Tazameni Derna, Libya. Nao ni mji ulio kwenye mdomo wa mto wa jangwani, mkavu karibu mwaka mzima. Miaka ya 1970 kampuni kutoka Yugoslavia iliwajengea mabwawa mawili ya udongo na mawe ili mji usifurike. La juu, Abu Mansour, lingeweza kushika mita za ujazo milioni 22.5. La chini, karibu kabisa na nyumba, milioni 1.5 tu. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 mvua ya dhoruba Daniel iliyashinda yote mawili, na mitaa mizima ikasombwa hadi baharini. Waliokufa ni maelfu. Mwaka uliotangulia, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar alikuwa ameandika wazi kwamba mabwawa hayo yanahitaji kutengenezwa haraka. Hata lile la Mojave unalolisifu, mwaka 2019 wahandisi wa jeshi wenyewe walitangaza kwamba dhoruba kubwa mno inaweza kulipita juu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nafasi tupu ni kiasi gani, ulizeni mshahara wa mlinzi wa tuta utatoka wapi mwaka wa thelathini.

Mwenyeji wa Koru

Mnagawana maji yaliyo juu ya shamba langu. Sikatai bwawa, nataka fidia ilipwe kabla ya trekta kufika. Na matope je? Milimani tunalima hadi ukingoni mwa mto, na kila mvua udongo unateremka. Bwawa litajaa tope, na ile nafasi mnayopigania itapungua hata mkiilinda kwa sheria.

Mvuvi wa mdomo wa Nyando

Mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda kupita viwango vyote vilivyowahi kupimwa. Kwetu maji hayakutoka mtoni tu, yalitoka mbele pia, ziwani. Bwawa la Koru halitazuia ziwa. Tusiwadanganye watu wa ufuoni wakarudi kujenga palepale.

Mkulima wa Ahero

Mvuvi, umesema kweli, na wa ufuoni wanahitaji mpango wao. Mwenyeji wa Koru, fidia kwanza, niko nawe, na kuhusu matope sina jibu zaidi ya miti na matuta ya shambani, ambayo yanataka nyinyi mlipwe kuyatunza.

Fundi, nimekusoma mara mbili. Nilikuja hapa nikidhani adui yangu ni mtu wa pampu anayetaka bwawa lijae. Sasa naona ninamhitaji pale tutani kila siku. Bwawa letu liwe na maji chini na nafasi juu, na anayeuza yale maji ya chini akatwe kitu kila mwezi cha kumlipa mlinzi wa tuta. Ndio njia pekee ninayoiona ya Nyando kutosahauliwa kama Derna.

Mama wa Manyatta, sikudharau shida yako. Lakini fikiria hivi, dada yangu: Kisumu tayari hupata maji kutoka ziwani pale Dunga na kutoka Kajulu. Mitambo hiyo inaweza kupanuliwa, ziwa halitakauka mwezi wa Aprili. Wewe una mahali pawili pa kuchota. Mimi nina mahali pamoja tu pa kuweka mafuriko yangu, nako ni ile sehemu ya juu ya bwawa. Na matuta ya mto unayotaka yainuliwe, waulize watu wa Budalang'i, ambao matuta ya mto Nzoia yamewavunjikia zaidi ya mara moja.

Kwenye baraza lijalo nitasimama na swali moja: kufikia tarehe 1 Machi ya kila mwaka, maji hayataruhusiwa kupita alama gani kwenye ukuta, na nani mwenye ufunguo wa lango? Nataka alama ipakwe rangi kabla hawajaanza kujaza, mahali ambapo hata mtoto anayechunga mbuzi ataiona. Fundi, kama unaweza kusafiri kutoka Nakuru, njoo uketi nami mstari wa mbele.