UTI na taifodi haviponi, wiki ya tano sasa. Nibadilishe dawa gani?

MamaWawili: Habari zenu wakuu. Nina binti hapa nyumbani, miaka 19, homa za jioni haziishi. Zahanati ya mtaani wamempima mkojo na damu (Widal), wakasema UTI na taifodi. Cipro kamaliza dozi mbili, anapata nafuu siku chache, inarudi. Nihamie kwenye sindano?

Kibwengo: Bongo ukikanyaga msumari unatoka zahanati na UTI na taifodi 😂

Makohozi: Widal moja haithibitishi taifodi. Inaonyesha kingamwili, na hizo hata mzima anaweza kuwa nazo, hata malaria inaweza kuipotosha. Anakohoa?

MamaWawili: Kidogo, usiku. Vumbi tu. Nimeuliza dawa.

Makohozi: Tangu lini? Jasho usiku? Kapungua? Na kwa daktari nani alijieleza, wewe au yeye?

MamaWawili: Jasho lipo, sketi zinampwaya. Nilieleza mimi, yeye ana aibu. Jamani, ni dada wa kazi. Tiketi ya Singida ya Jumamosi nimeshakata, mama yake atamuuguza vizuri kuliko mimi. Nina mtoto wa miaka 2 humu, msinihukumu.

Mchamungu: Angekuwa wa tumboni mwako angekuwa hospitali ya rufaa wiki ya kwanza. Mwogope Mungu, dada.

Kipanga: Chai hii. Mwanzo "binti", sasa dada wa kazi. Na daktari gani aone homa ya wiki tano asiulize kikohozi?

Makohozi: Iwe chai, wa hivi wapo tele. Anayelipa ndiye anayeongea, mgonjwa anaitikia "ndiyo". Akikiri kikohozi anajua kibarua kimeota nyasi. Zahanati nayo ina Widal na vijiti vya mkojo, basi anapimwa kilichopo. Homa, kikohozi, jasho la usiku na kupungua, mimi nashuku TB, yaani kifua kikuu. Halafu cipro inaudhoofisha TB bila kuimaliza: homa inashuka, wote mnaamini ilikuwa taifodi, ugunduzi unachelewa.

Mama, usimpe sindano. Mpeleke kituo cha serikali chenye kliniki ya kifua kikuu, ajieleze mwenyewe, wewe kaa nje. Aombe GeneXpert, kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya TB kwenye makohozi. Hadubini huhitaji maelfu ya vijidudu kwa mililita ndipo ivione, GeneXpert inavinasa hata vikiwa vichache. Asubuhi kabla ya kula asukutue kwa maji matupu, asimame nje penye hewa, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, akohoe kutoka kifuani, kopo lipate mililita 3 hivi za makohozi mazito. Wasichana wengi huona haya kukohoa kwa nguvu mbele za watu, wanatema mate yenye povu, majibu yanatoka hana.

Kipanga: Na gharama?

Makohozi: Vipimo na dawa za TB serikalini ni bure. Dozi ya kawaida miezi 6.

MamaWawili: Na mwanangu je?

Makohozi: Binti akikutwa nayo, mtoto apelekwe hapo hapo akaguliwe. Akiwa hana, anaanzishiwa dawa za kinga. Madirisha yafunguliwe, binti alale chumba chake.

MamaWawili: Si bora basi aondoke Jumamosi?

Makohozi: Basi lililofungwa vioo hadi Singida? Aanze dawa kwanza. Zikishamkolea, kliniki itamwandikia uhamisho, aendelee na dozi karibu na kwao.

MamaWawili: Tiketi hawarudishi hela.

Kibwengo: Sogeza tarehe.