Riwaya imekwama sura ya saba, naomba ushauri

Wadau, hamjambo. Naishi Kayole, kazi iko Westlands, na riwaya yangu imekwama tangu Machi. Nilianza vizuri: saa kumi na moja alfajiri, maneno 300 kabla ya kukimbilia matatu. Siku hizi nikifungua daftari narudi kusahihisha sura ya kwanza. Nafuta, naandika, nafuta tena. Mhusika wangu nimemwacha Gikomba akinyeshewa miezi miwili sasa, maskini. Jumamosi nilijificha maktaba ya Kaloleni, nikaishia kusoma magazeti.

Mliomaliza rasimu mkiwa mmeajiriwa, mlijizuiaje kurudi nyuma? Na siku hamu imekufa kabisa, mnaandika hivyo hivyo au mnapumzika? Mke wangu ashaanza kuuliza kitabu kinatoka lini.